Miaka tisa kwenye hifadhidata, sasa studio ya gemu imeniita

Swali

Wakuu, habari zenu. Naombeni mawazo, nina siku kumi tu za kutoa jibu.

Nina miaka 36, watoto wawili. Kwa miaka tisa nimesimamia hifadhidata, hasa za PostgreSQL, programu ya kuhifadhi na kupanga data. Kazi naijua: simu ikilia saa nane usiku, kabla sijashuka kitandani nimeshajua pa kuanzia kutazama. Lakini tangu utotoni nilichokitaka ni kutengeneza gemu. Mwaka wa pili huu, watoto wakishalala, najifunza Godot, programu ya kutengenezea gemu, na nimemaliza gemu moja ya mafumbo yenye hatua 20. Mwanangu mkubwa aliicheza bila kujua imetoka kwa nani, akauliza hatua ya 21 iko wapi. Usiku ule sikupata usingizi.

Studio moja ndogo imeiona na inanitaka, kwa ngazi ya chini kabisa. Mshahara ni asilimia 60 ya ninaopata sasa, mkataba wa mwaka mmoja, bima ya familia hakuna. Mkopo wa nyumba tunalipa pamoja na mume wangu. Naogopa kukubali. Naogopa zaidi kufika miaka 50 nikiwa bado najiuliza.

Jibu

Hongera dada, kumaliza gemu si jambo dogo. Nimekaa studio miaka sita. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, yaani skrini ichorwe upya mara 60, kila fremu ina kama milisekunde 16 tu, na fizikia, picha, sauti, vyote viishe humo. Niliwahi kuhangaika wiki tatu na mhusika anayekwama mlangoni, na niliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Kilichonitoa ni miezi ya mwisho kabla gemu haijatoka: siku sita kwa wiki, narudi watoto wamelala.

Waulize mambo mawili. Gemu iliyopita, miezi mitatu ya mwisho walitoka kazini saa ngapi? Na pesa waliyo nayo inawafikisha lini? Mwaka 2023 na 2024 hata kampuni kubwa za gemu zilipunguza watu kwa maelfu.

Jibu

Kwangu mimi tatizo ni hiyo bima tu. Mtoto hachagui mwezi wa kuugua.

Jibu

Dada, mbona unataka kuanzia chini wakati kuna mlango mwingine? Gemu za mtandaoni zimejaa hifadhidata: akaunti, orodha za washindi, vitu vya wachezaji. Mtu ananunua upanga, seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu mtandaoni, inaanguka katikati. Pesa isikatwe huku upanga haujaingia, wala upanga usiingie mara mbili. Huo ni muamala, na wewe umeshinda nao miaka tisa. Mimi niliingia kwenye gemu kwa upande wa seva, mshahara haukushuka, na baada ya muda nikaanza kugusa gemu yenyewe.

Aliyeuliza

Asanteni sana. Niliwauliza, wakanijibu kwa uwazi na nimewaheshimu kwa hilo: pesa iliyopo ni ya miezi minane. Mkataba ni wa kumi na miwili. Mimi na mume wangu tuliandika hesabu mezani, hazikukubali, nikawaandikia kwamba siwezi. Nililia kidogo.

Wiki hii nimetuma maombi mawili ya kazi za seva za gemu. Hatua ya 21 bado naiandika usiku, daraja lake linanisumbua.