Ukungu kwenye vioo vya gari: kiyoyozi, hita, sabuni au vifyonza unyevu?

Dereva wa Alfajiri
Ndugu wanajamvi, naomba tulinganishe njia za kuzuia vioo vya gari visishike ukungu kwa ndani wakati wa baridi yenye unyevunyevu. Mimi hutoka kabla hakujapambazuka, na nikishafunga mlango tu kioo cha mbele huanza kufifia kuanzia chini kwenda juu, hata nabaki na nafasi ya ukubwa wa kiganja ya kuonea barabara. Nimekwisha kujaribu hita peke yake, sabuni ya vyombo, pakiti za kufyonza unyevu na kufungua dirisha kidogo. Hita husafisha kioo lakini ukungu hurudi, sabuni ilinipa nafuu ya siku chache, pakiti sikuona kazi yake, na dirisha likiwa wazi mvua huniingilia. Ipi kati ya hizi inastahili kutegemewa?

Fundi wa Viyoyozi
Ndugu Dereva, hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo pumzi yako na maji ya nguo zako yakifika kwenye kioo kilichopoa hugeuka matone madogo sana. Ama upashe kioo joto, ama uikaushe hewa, na mpangilio ulio bora hufanya yote mawili kwa pamoja: washa kiyoyozi na hita kwa wakati mmoja, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, na uzime kitufe kinachozungusha hewa ya ndani ili iingie ya nje.

Wengi hudhani kiyoyozi ni cha kupoza tu, wakakizima msimu wa baridi unapoanza. Ukweli ni kwamba hewa hupita kwanza kwenye evaporeta, yaani sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa, mvuke ukabaki pale kama maji na kudondokea chini ya gari, kisha hewa hiyo iliyokauka hupita kwenye hita ndipo ikufikie. Yale maji unayoyakuta chini ya gari baada ya kuegesha ndiyo yangekuwa kwenye kioo chako. Angalia mambo mawili, hata hivyo. Baridi inapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, kompresa (pampu inayoendesha kiyoyozi) za magari mengi hujizima ili evaporeta isishike barafu, na hapo unabaki na joto pamoja na hewa ya nje. Pia usizime kiyoyozi katikati ya safari huku feni ikiendelea kuvuma, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye evaporeta hurudi ndani yakiwa mvuke na kioo hufunikwa ghafla.

Mama wa Safari Ndefu
Nakubaliana na fundi, ila nasisitiza usafi wa kioo, jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulizingatia. Mchana wa jua nilipitisha kidole kwenye kioo cha mbele kwa ndani, kikaacha mstari safi katikati ya utando wa mafuta ambao sikuwahi kuuona. Utando huo hutokana na mvuke wa plastiki za dashibodi, moshi na viganja vyetu tunapofuta ukungu kwa mkono, na matone hupata pa kujishikiza. Nilisafisha mara mbili, kwanza kwa dawa ya vioo na kisha kwa kitambaa kikavu chenye nyuzi laini, na ukungu ukapungua kabla sijapaka kitu chochote.

Kuhusu sabuni ya vyombo au povu la kunyolea, ndugu yangu, vitu hivyo havizuii maji kufika kwenye kioo, bali huyatandaza yawe utando mwembamba unaopitisha mwanga badala ya matone yanayoutawanya. Ndiyo maana huisha nguvu, na ukipaka nyingi, taa za magari yanayokuja usiku huchanua kwenye kioo na kukuumiza macho. Mimi huvitumia kwenye vioo vya madirisha ya pembeni pekee.

Msafiri Mkongwe
Pakiti za silika jeli usizitupe, lakini zipe kazi zinazoiweza, ambayo ni kunyonya unyevu wa usiku gari likiwa limefungwa. Haziwezi kushindana na pumzi za watu wanne ndani ya gari, na zikishajaa hazifanyi lolote mpaka uzikaushe kwa joto. Zile za kalisi kloridi hunyonya zaidi, ila hugeuka majimaji ya chumvi yanayokula chuma yakimwagika, kwa hiyo mimi sizitii garini.

Fundi wa Viyoyozi
Ndugu Dereva, kabla hujanunua chochote, inua kapeti ya upande wa abiria wa mbele na ukandamize sifongo iliyo chini yake kwa kitambaa kikavu. Kikitoka na maji, chunguza mipira ya milango na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya wipa. Kikinata na kunukia utamu, huenda hita inavuja maji ya kupozea injini, na hapo pima kiwango chake injini ikiwa imepoa, kisha ulipeleke gari kwa fundi bila kukawia.

Dereva wa Alfajiri
Shukrani, fundi. Kwa juu kapeti ilikuwa kavu, lakini nilipoikandamiza sifongo kwa kitambaa kililowa chote, na maji hayakuwa na harufu. Chini ya wipa nimetoa majani yaliyooza kiasi cha kujaza viganja viwili, tundu moja likiwa limezibwa kabisa. Nimeliacha gari milango wazi mahali pakavu siku mbili, na leo alfajiri, kiyoyozi na hita zikifanya kazi pamoja, kioo kilikuwa safi chote kabla sijaondoka. Dada, vioo vya pembeni nitavisafisha kesho kwa utaratibu wako, kwa maana huko utando bado upo.