Neno "sitzfleisch": je, "subira" inatosha?

Mfasiri Mchanga:
Salaam, wataalamu. Natafsiri makala ya Kiingereza kuhusu wanafizikia, nami nimekwama kwenye neno sitzfleisch, yaani uwezo wa kukaa kitini na kazi hadi iishe, ambalo Waingereza wamelichukua kwa Wajerumani wakaliacha lilivyo, isipokuwa ile herufi kubwa ya mwanzo. Makala inaeleza kwamba mwanafizikia Murray Gell-Mann alimwona mwenzake Robert Oppenheimer kuwa hana sifa hiyo, ingawa akili yake ilikuwa kali mno. Niliandika "hakuwa na subira", kisha nikafuta, kwa sababu sentensi iligeuka kumsema kuwa mtu wa hasira za karibu. Je, tunalo neno linalofaa zaidi?

Mpenda Sarufi:
Ulifanya vyema kufuta. Subira ni ya mtu anayengoja: mgonjwa husubiri nafuu, na yule mvumilivu anayekula mbivu hakuziivisha yeye. Mwenye sitzfleisch hangoji chochote, bali yuko kazini, na sifa yake ni kutobanduka kitini mpaka kazi iishe. Sehemu ya kwanza ya neno ni kukaa na ya pili ni nyama, kwa hiyo tunapata "nyama ya kukalia", na hapo ndipo Kiswahili kinaponifurahisha, kwa maana nasi tukitaka kuyataja matako kwa adabu husema makalio, jina lililotoka katika kitenzi kukalia. Mjerumani aliigeuza nyama hiyo kuwa tabia. Sisi tumeiacha iwe kiungo cha mwili tu. Hata hivyo tunao msemo wa kukaa kitako, ambao tayari unabeba maana ya kutulia na jambo, na mimi ningeanzia hapo.

Mcheza Sataranji:
Kwetu wachezaji neno hili halikuwa la sifa njema daima. Zamani muda wa kufikiri haukuwa na kikomo, na mtu aliweza kushinda kwa kumchosha mwenzake tu. Katika mashindano ya London ya mwaka 1851, mchezaji Howard Staunton alilalamika sana juu ya uchelewaji wa mpinzani wake Elijah Williams. Mwaka 1861 Adolf Anderssen na Ignaz Kolisch walipimiwa muda kwa mchanga unaochuruzika ndani ya chupa, na mwaka 1883, huko huko London, saa za mashine zikawekwa mezani. Tangu hapo makalio peke yake hayashindi mchezo.

Msomaji wa Kijerumani:
Naongeza tahadhari moja. Wajerumani wenyewe hulitumia pia kwa kejeli, wakimsema mgeni ambaye chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, wenyeji wanapiga miayo, naye bado hajaaga. Naye mwanafalsafa Nietzsche alilikebehi waziwazi, akishikilia kwamba mawazo yenye thamani ni yale yanayomjia mtu akitembea. Kwa hiyo msitafute neno la heshima kupita kiasi, kama ustahimilivu, kwani utani wa mwili utapotea.

Mfasiri Mchanga:
Nawashukuru nyote. Nilijaribu kwanza "hakuwa na kitako", lakini nilipoisoma kwa sauti nilicheka mwenyewe, maana msomaji angedhani nazungumzia umbile la marehemu. Sasa sentensi inasomeka hivi: "Oppenheimer alikuwa na akili kali, lakini hakuwa mtu wa kukaa kitako na hesabu moja hadi imalizike."

Mpenda Sarufi:
Iache hivyo hivyo. Ila ondoa "moja"; haina kazi hapo.