Boneti ikifunguliwa vijana wanapita tu: gari zimebadilika au watu?

Ngalawa_Mbili aliuliza:

Assalaam alaykum jamaa. Kuna jambo naomba mafundi na wajuzi wa gari mlieleze. Baraza yoyote ya mjini Zanzibar, mtajie mtu wa miaka sitini Datsun 120Y au Corolla DX. Atakwambia injini yake, kabureta yake ilivyokuwa ikigoma asubuhi ya mvua, na nani alimuuzia nani. Kijana wa miaka ishirini na mbili ukimpa ufunguo wa Toyota IST atauliza kama redio inashika bluetooth, basi. Ikimzimikia njiani hata boneti hafungui, anapiga simu.

Na habari za nje zinasema hivyo hivyo, kwamba Marekani na Uingereza vijana hawakimbilii tena leseni. Kwetu ni ugonjwa huo huo? Ni simu? Ni pesa? Au gari zenyewe ndizo zilizopoteza ladha? Majibu ya "vijana wa siku hizi wavivu" tunayo ya kutosha, naomba yenye uzito.

Spana_Kumi:

Waalaykum salaam. Anza na gari, kijana muache kwanza.

Corolla DX yenye injini ya 4K ilimlazimisha mwenyewe kuijua, apende asipende. Pointi, yaani vile vyuma viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche ndani ya distributa (kigawa cheche kwa plagi), zinaungua na kulika, na kila zikilika gari inabadilika tabia. Kuziweka sawa unavua kifuniko cha distributa, unatoa rota, unazungusha injini kwa spana kwenye puli ya kranki mpaka kile kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya shafti. Hapo pointi zimeachana mwisho wake. Unalegeza skrubu, unapitisha fila (kibapa cha kupimia nafasi) ya milimita 0.45, unakaza, halafu unapima tena, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huzisogeza. Wengi wanaruka hapo kwenye kupima tena, ndiyo maana kazi inarudi.

Nafasi ikiwa ndogo, cheche inachelewa, gari inakuwa nzito na pointi zinaungua haraka. Ikiwa kubwa mno cheche inawahi, na kwenye mwendo mkali koili inayozalisha umeme wa cheche haipati muda wa kujaa, injini inakohoa. Kondensa ikiwa mbovu, pointi mpya hazimalizi mwezi. Nafasi ya plagi zake ni milimita 0.8. Nafasi ya tapeti za valvu za kuingiza 0.20, za kutolea moshi 0.30, injini ikiwa ya moto. Vifaa vya yote hayo vinaenea kwenye kikopo cha maziwa. Mtoto wa nyumba aliyekuwa akishika tochi kila Jumapili alitoka hapo anajua injini bila kuingia skuli ya ufundi.

Sasa fungua IST ya injini ya 1NZ. Distributa hakuna. Kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi, na wakati wa cheche unapangwa na kompyuta kwa kusikiliza sensa ya kranki na ya kamshafti. Mkanda wa taimingi hakuna, ni cheni. Plagi zikiwa za iridiamu hukaa hadi kilomita laki moja, nafasi yake 1.1. Kilichobaki kwa mwenye gari ni kumwaga oili (lita 3.7 pamoja na filta) na kupiga upepo filta ya hewa. Gari isiyokuhitaji utaizoea kwa njia gani?

Halafu msisahau uhaba. Kabla biashara haijafunguliwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980, gari ilikuwa chache na spea chache zaidi. Gari moja ilifufuliwa mara nyingi kuliko ilivyonunuliwa. Na zile gari za shamba za bodi la mbao, nusu yake ilikuwa kazi ya seremala wa hapa hapa, kwa hiyo watu walizitazama kama kitu chao. Ongeza mashindano ya gari ya Safari Rally redioni. Joginder Singh kashinda 1965, 1974 na 1976, Shekhar Mehta kashinda 1973 kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Hao ni watu wa Afrika Mashariki, na Datsun na Peugeot walizokuwa wakizisikia zinashinda ni jina lile lile waliloliona likipita barabarani. Kijana wa leo akiona mashindano, anaona gari ambayo haitaletwa bandarini Malindi, Unguja, maishani mwake.

BintiKonde:

Takwimu za Marekani zisichanganywe na zetu. Utafiti wa Michael Sivak na Brandon Schoettle wa Chuo Kikuu cha Michigan ulionesha kuwa mwaka 1983 karibu asilimia 46 ya vijana wa miaka 16 kule walikuwa na leseni, na mwaka 2014 ilibaki karibu robo. Lakini kijana huyo gari ya wazazi iko uani, yeye ndiye kaamua kuchelewa. Bima ya dereva mchanga ni ghali, na majimbo mengi tangu miaka ya 1990 yameweka leseni ya hatua kwa hatua, yenye masharti ya kuendesha usiku na ya kubeba wenzake. Hapa kwetu umri unaanza 18, na wengi hawana gari ya kuichelewesha. Mtu hawezi kukinai chakula ambacho hakijafika mezani kwake.

Na jengine, kaka zangu. Mnapima hamu kwa boneti, na boneti ilikuwa mahala pa wanaume. Otomatiki zimetoa madereva wanawake Chake na Wete ambao hawatakutajia injini ya gari kwa namba, lakini watakwambia inakula lita ngapi kwa wiki, bima inaisha tarehe gani, na kwamba tairi ya mbele inalika upande wa ndani kwa sababu toka ibadilishwe tairodi haijapelekwa kwenye alaimenti. Na huko si kuijua gari?

Vespa_Rahaleo:

Hamu haikufa, imehama. Nenda Darajani au Michenzani uangalie kijana anavyoitengeneza vespa yake, halafu urudi useme vijana hawapendi injini.

Kwanza hesabu. Chukua mtu wa Fuoni anayefanya kazi mjini, kwenda na kurudi tuseme kilomita 20, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 440. IST kwenye msongamano wa Mwanakwerekwe ukiiwekea kilomita 12 kwa lita, ni karibu lita 37. Vespa ya 150 kwa kilomita 30, ni lita 15 hivi na oili ya tu-stroku kidogo. Pikipiki ya 125 kwa kilomita 45, haifiki lita 10. Zidisha wenyewe kwa bei ya mafuta ya ZURA (mamlaka ya huduma Zanzibar) ya mwezi huu. Hapo bado tairi nne kwa mbili, na bado pa kuegesha. Mji Mkongwe vichochoro vyake gari haiingii hata ukiipaka mafuta, vespa inafika mpaka mlangoni.

Pili, na hili ndilo linaloungana na Spana_Kumi: vespa bado inafunguka. Vespa PX za zamani unachanganya oili mwenyewe kwa asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Ukipunja, pistoni inakamata silinda, na inakamata ukiwa kwenye mwendo, tairi ya nyuma inafunga. Ukizidisha, plagi inalowa na kujaa masizi, moshi mtaa mzima. Kosa la kila siku ni kumimina oili juu ya tangi lililokwisha jaa na kuondoka bila kutikisa: oili inazama chini, lita ya mwanzo inaingia nzito, ya mwisho inaingia kavu. Changanya kwenye chupa kwanza, kisha mimina.

Ikizima ghafla na plagi ikitoka kavu, petroli haifiki: tazama koki, tundu la kifuniko cha tangi, halafu jeti (kitundu cha petroli cha kabureta). Jeti ipulizwe kwa upepo, usiichokoe kwa waya, tundu likipanuka inakula mafuta daima. Plagi ikitoka imelowa, tatizo liko kwenye cheche. Tairi ni 3.50-10, rimu ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, na spea iko chini ya bodi. Spana ya 13 moja unabadilisha na kuziba pancha bila fundi. Sasa kijana mwenye chombo kama hicho ataitakia nini kabureta ya babu yake?

Ukweli mwengine ni kwamba vespa inashindwa pale pale gari inaposhinda: mvua ya masika, mgonjwa, mke na watoto watatu. Hapo kijana hataki kuipenda gari, anataka kuiazima.

Ngalawa_Mbili:

Ahsanteni, nimefaidika. BintiKonde umenirekebisha kwenye takwimu, nakubali. Basi niulize upande wa vitendo. Kijana ambaye IST ipo nyumbani na anataka kujifunza kama wale walioshika tochi, aanze wapi? Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye gari na kusoma makosa ya injini kwenye simu naona kwa gari nyingi za Japani vinagoma, vinasema hakuna mawasiliano na gari.

Spana_Kumi:

Vinagoma kwa sababu gari iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya kabla ya 2008 hivi, soketi yake inafanana na ya Marekani lakini lugha yake siyo ile ile. Kifaa si lazima kiwe kibovu. Kwa Toyota za umri huo kuna njia ya waya mmoja.

Soketi iko chini ya usukani, matundu 16. Upande mpana uwe juu, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Suichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mwembamba. Washa suichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu fungu la kwanza, pumziko fupi, fungu la pili: mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. 24 joto la hewa, 31 sensa ya kupima hewa inayoingia, 41 sensa ya throto, 52 sensa ya kusikiliza injini inapogonga. Yakiwa makosa mengi yanafuatana kwa pumziko refu zaidi. Ukishatengeneza, chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa petroli) kwa dakika moja kufuta.

Onyo kubwa: tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukikosea ukaliunganisha na la 4, fyuzi imekwenda.

Kosa la 31 usikimbilie kununua sensa. Kwanza chomoa plagi ya waya wake uitazame. Gari inayolala ufukweni utakuta ukijani kwenye vipini, ni chumvi. Safisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme, uache ikauke. Msasa usitie, unaondoa ile ngozi ya juu ya kipini na kutu inarudi kwa kasi zaidi.

Gari ikitetemeka ikiwa imesimama, tafuta silinda iliyolala. Zima injini, chomoa soketi ya koili ya kwanza, washa, sikiliza. Ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa nzima. Zima, rudisha, nenda ya pili. Ambayo ukiichomoa hakibadiliki kitu, ndiyo iliyolala. Usiiendeshe hivyo muda mrefu, petroli isiyoungua inakwenda kuharibu kataliti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Sasa toa koili yake (bolti ya 10) uibadilishane na ya jirani. Ugonjwa ukihama na koili, nunua koili moja, si nne kama unavyoambiwa dukani. Ugonjwa ukibaki pale pale, toa plagi kwa soketi ya 16. Ikiwa na oili juu, gasketi ya kava ya valvu inavuja kwenye shimo la plagi. Ikiwa kavu na nzuri, hamia kwenye injekta, kisha kompresheni.

MkaaJambiani:

Nongeze la chini ya gari, maana huko ndiko gari za pwani zinakofia. Maji ya bomba kila wiki chini ya sakafu na ndani ya matao ya tairi, si bodi tu linalong'aa. Mabomba ya breki ya chuma yanakula kutu kutoka nje kwenda ndani, na yanapasuka siku umekanyaga kwa nguvu, yaani siku uliyoyahitaji. Oili chafu wanayopaka watu chini inazuia kutu kidogo lakini inavimbisha bushi za mpira. Pakeni grisi kwenye viungo vya mabomba, bushi ziachwe.

Na kijana akihamia Vitz mpya mpya au Passo ya CVT (giaboksi ya mkanda na puli badala ya gia), oili ya giaboksi ya IST asiitie humo. IST ya toleo la kwanza ni otomatiki ya gia nne, inatumia oili ya T-IV. Vitz ya CVT inataka oili ya CVT ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, TC au FE kwa kutegemea mwaka. Ukitia ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, na giaboksi ya CVT iliyokwaruzika ndani haichongwi, inabadilishwa nzima.

BintiKonde:

Kwa atakayekosea tundu la 16: tafuta fyuzi iliyoandikwa OBD kwenye kisanduku cha fyuzi upande wa dereva, chini ya dashibodi. Mara nyingi ni ya ampia 7.5. Nunueni mbili kabla hamjaanza kuhesabu konyezo.