Yule gide wa fulana nyekundu amenivua kaske kichwani mbele ya watu!!!

Yaya_wa_Njia

Sitaji jina la huyo gide, mwongoza wageni, Goma nzima inamjua. Fulana nyekundu, simu tatu mkononi, hajibu hata moja. Nimeshuka kwenye moto, yaani pikipiki, sasa hivi, vumbi la lava bado liko masikioni, na nisipoandika nitapasuka.

Nililipa jana kwa simu aniingize pango la lava, ujumbe ninao. Nilimwambia wazi: nakuja peke yangu, sina kundi. Akajibu "hakuna shida mama". Leo nimefika kwenye mdomo wa pango kabla ya wote. Nikachagua kaske, ile kofia ngumu yenye taa mbele, nikafunga mkanda chini ya kidevu, nikajaribu taa, ikawaka vizuri. Mara jipu, gari la wageni, ikafika. Wakagawiwa kaske, zikaisha, mzungu mmoja mrefu akabaki kichwa wazi.

Mnajua alifanya nini? Hakuomba! Alinijia, akafungua mkanda kwa vidole vyake vinavyonuka samaki wa sambaza, AKANIVUA KASKE KICHWANI, akamvika yule mgeni. Na haikumwingia! Ilikaa juu ya nywele, imelala upande. Kisha akanitangazia kwa sauti iliyosikika mpaka Gisenyi, Rwanda: "Mama, wewe ni mwenyeji, ngoja hapa. Pango ni mambo ya wageni. Na bwana yako anajua uko huku peke yako?"

Wakacheka wote. Hata dereva wa jipu, ambaye hakuwa akiingia popote.

Ndiyo, natembea peke yangu. Nimepanda mlima Kahuzi, mita 3,308, bila kundi, mimi na walinzi wa hifadhi tu, tukapita mianzi yote kwenye ukungu. Nabeba taa tatu, maana moja ikizimika na ya pili ikaanguka, bado ninatoka. Nyumbani naacha karatasi: nimepita njia gani, narudi saa ngapi, nikichelewa apigiwe nani. Na pango la lava nalijua: lava iligandia juu, chini ikaendelea kutiririka mpaka ikaisha, likabaki bomba. Dari lake lina ncha zinazochana kichwa. Ndiyo maana nilivaa kaske! Ile ile aliyonivua! Kwa mkono wake! Watu wakitazama!

Chukudu_Bila_Breki

Simu tatu? Nimeshamjua. Mimi alinikodishia hema bila vijiti, akaniambia nitafute matawi.

Mwana_Himbi

Pole yaya, lakini vidole vya sambaza vimeniua 😂😂 Leta picha ya mzungu na kaske ya upande.

Yaya_wa_Njia

Mimi sicheki. Ungevuliwa wewe ungecheka?

Papa_Sake

Binti yangu, kwanza acha kaske. Aliwaingiza saa ngapi? Na hilo pango liko kwenye bonde la upande wa ziwa? Huku kati ya Goma na Sake tuna mazuku. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, inalala mashimoni, huioni, na mara nyingi huisikii harufu. Asubuhi mapema, upepo ukiwa haujaamka, ndiyo mbaya zaidi. Mbuzi anainama kula majani, hainuki tena. Ukiona panya au ndege wamekufa mdomoni mwa shimo, rudi nyuma, usiiname hata kuokota kitu.

Yaya_wa_Njia

Aksanti sana papa. Nilimuuliza kabla wageni hawajafika kama ana kipimo cha gesi. Akaniambia "hewa iko sawa, mama, wewe pumua tu". Kipimo hana. Kaske za kutosha hana. Mkono wa kuvua watu kaske ndio anao!

Motari_Mkweli

Na mwanamke anatafuta nini pangoni? Kaa upike sombe. Mapango ni mambo ya wazungu kweli.

Yaya_wa_Njia

Wewe ndiye dereva wa jipu? Pango la Matupi, kule Mont Hoyo, Ituri, watu walikaa humo wakichonga vijiwe vya kukatia maelfu kwa maelfu ya miaka kabla mzungu yeyote hajaliona. Nani aliwavua kaske?

Mwana_Himbi

Motari amezimwa taa 😂

Mushi_wa_Kadutu

Watu wa Goma mnalia kaske, njooni Bukavu mjue siafu. Gide wetu aliiona njia yao msituni, akaruka, akanyamaza! Mimi nyuma yake nikasimama katikati kufunga kamba ya kiatu. Walipanda mpaka kiunoni. Nilivua suruali mbele ya mama mkwe.

Chukudu_Bila_Breki

Mama mkwe alikuwa anafanya nini msituni???

Mushi_wa_Kadutu

Hadithi ndefu. Ingizeni suruali ndani ya soksi, ndilo ninalosema.

Kamalondo_Boy

Nyinyi angalau mmefika. Sisi hapa Lubumbashi tulichanga gari kwenda Lofoi, maporomoko ya zaidi ya mita 300. Aliyetupeleka (mnamjua, yule wa miwani) alituchukua mwisho wa kiangazi. Maji yalikuwa uzi! Na kurudisha pesa hataki, anasema "mwamba mmeuona".

Mushi_wa_Kadutu

Kiangazi yanapungua sana, kila mtu anajua. Kosa lenu.

Kamalondo_Boy

Kosa letu? Aliyejua ni yeye! Tena alitukodishia buti za mpira namba 45, sote. Mimi navaa 40.

Yaya_wa_Njia

Jamani, tulikuwa kwenye kaske. ALINIVUA.

Mwana_Himbi

Tumesikia yaya. Kamalondo, 45 wote? Hata wanawake?

Kamalondo_Boy

Wote. Dada yangu alijaza magazeti mbele, mvua ikanyesha, akatembea na uji.

Chukudu_Bila_Breki

Buti nzuri ziko soko la Virunga, lakini namba ndogo zinaisha haraka.

Motari_Mkweli

Mimi ninazo, 39 mpaka 42, mpya. Nampeleka mtu mpaka mlangoni.

Mushi_wa_Kadutu

Bei? Na Bukavu unaleta kwa boti?