Naombeni ushauri: nilishukuru kwa imani kabla ya kupata, nikakosa. Sasa nashukuruje bila kujidanganya?

Binti_Sayuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikimwomba Mungu anifungulie mlango wa kazi fulani, ile niliyoisomea. Usaili ulienda vizuri. Kwenye kikundi chetu cha maombi nikaambiwa, "Hiyo ni yako, anza kushukuru." Nami nikashukuru kwa moyo wote, mbele za watu, nikatoa na sadaka ya shukrani.

Majibu yametoka. Amechukuliwa mwingine.

Kukosa kazi kunauma, lakini yaliyofuata yameniumiza zaidi. Mmoja ameniuliza kama nilikuwa na shaka moyoni. Mwingine kasema huenda kuna dhambi sijaitubu. Wengine wananikatiza sijamaliza hata kueleza: "Shukuru kwa kila jambo!" Ibadani, ukifika wakati wa shuhuda natamani nitoke nje, maana nikiimba asante naona namdanganya Mungu. Sijamwacha Yesu na sifikirii kumwacha. Nashindwa tu kujua nimwambie nini.

Je, imani yangu ilikuwa pungufu? Na mtu anashukuruje moyo ukiwa unavuja damu?

Neno_Taa

Pole sana, dada. Hilo la imani pungufu litoe kichwani leo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa "Neema yangu yakutosha", na mwiba ukabaki (2 Wakorintho 12). Bwana Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Nani atathubutu kusema Gethsemane kulikuwa na shaka au dhambi ya siri?

Hao wanaokutafutia dhambi wasome Ayubu 42:7. Rafiki zake walikuja na hoja hiyohiyo, na Mungu akawakasirikia wao.

Mama_wa_Maombi

Mwanangu, pole. Nisikilize kama mama.

Mwambie hivyohivyo ulivyotuandikia sisi, usipunguze kitu. Fungua Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Daudi hakuadhibiwa kwa kusema hivyo, maneno yake yalitiwa kwenye kitabu cha sifa ili na sisi tuyatumie. Na ipo ya 88, ambayo haina hata mstari wa furaha mwishoni. Neno lake la kumalizia ni giza. Nayo ni sala, iko ndani ya Biblia, na anayelia humo bado anamwita Mungu wa wokovu wake.

Halafu mwangalie Hana, yule aliyekuwa akimwomba Mungu mtoto. Alilia hekaluni hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Akajibu kwamba ameimimina roho yake mbele za Bwana. Baada ya hapo akaenda, akala, uso wake haukukunjamana tena. Na wakati huo hakuwa na mimba bado! Kilichomfariji kwanza ni kule kusema yote mbele za Mungu. Mtoto alikuja baadaye.

Ukinyamaza mbele za Mungu ndipo nitakuogopea. Ukilia, bado mnaongea.

Shukrani_Daima

Amina, mama. Ila naomba nitofautiane kidogo, tusije tukamwacha dada kwenye kilio. Kushukuru ni agizo, haturuhusiwi kungoja hadi tujisikie vizuri. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani, mapigo bado mabichi mgongoni (Matendo 16). Habakuki anasema mtini hautachanua, zizini hamna ng'ombe, "walakini nitamfurahia Bwana". Dada, usikae muda mrefu mahali ulipo.

Binti_Sayuni

Asanteni sana. Mama, nimesoma Zaburi ya 88 na nimelia. Shukrani_Daima, nakuelewa, na hapo ndipo penye mkwamo wangu. Nishukuru kwa kukosa? Niseme "asante Bwana kwa kuninyima"?

Neno_Taa

Hapana. Hakuna anayekuagiza uliite jeraha zawadi. Soma Yohana 11 kwa utulivu. Mstari wa 35 Yesu analia machozi. Mstari wa 41, kwenye kaburi lilelile, anasema, "Baba, nakushukuru." Hakushukuru kwamba Lazaro amekufa. Alishukuru kwamba Baba humsikia. Na usiku ule aliotolewa, alitwaa mkate akashukuru, huku akijua kesho yake ni msalaba.

Kwa hiyo shukuru kwa lile ambalo halikubadilika siku majibu yalipotoka. Kristo alikufa kwa ajili yako, huo ni ukweli. Unasikiwa, nao ni ukweli. Kazi umeikosa na inauma, nao pia ni ukweli. Yaseme yote matatu katika sala moja. Hapo hujamdanganya mtu.

Msomaji_Mtulivu

Mimi napenda historia ya Kanisa, nikuongezee hii. Monika, mama yake Agostino, yule mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, usiku mmoja huko Karthago, Afrika Kaskazini, aliomba kwa machozi mwanawe asisafiri kwenda Roma. Kulipokucha, kijana alikuwa ameshapanda merikebu. Ungemwambia nini mama huyo asubuhi ile? Lakini safari hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Agostino Milano, kwa Askofu Ambrosi, na akabatizwa huko mwaka 387. Baadaye Agostino aliandika kwamba Mungu alimnyima mama alichoomba siku ile ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote.

Mama_wa_Maombi

Ushuhuda mzuri, nami naupokea. Ila tusimwahidi binti kwamba naye ataonyeshwa sababu. Waebrania 11 inawataja walioshuhudiwa kwa imani yao, kisha inasema hawakuipata ile ahadi. Hata Yeremia 29:11 tunaoupenda uliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Wengi waliousikia barua ilipofika walizikwa hukohuko. Mungu alikuwa mwaminifu kwao pia.

Shukrani_Daima

Nimepokea, mama. Dada, niongeze jambo moja kuhusu kikundi. Wanaokutajia 1 Wathesalonike 5:18 wasiishie hapo. Mstari wa 20 na 21 unasema tusitweze unabii, bali tujaribu mambo yote. Aliyekutamkia "hiyo ni yako" yampasa aje akuombe radhi. Nenda kwa kiongozi wako, tena si kwa hasira, umweleze ulivyoumia. Ukikaa kimya, wiki ijayo mwingine ataambiwa vilevile.

Binti_Sayuni

Nitamwona kiongozi wangu kabla ya ibada ijayo. Hilo la kikundi lilikuwa linanikaa kooni na sikujua kama nina haki ya kulisema.

Kuhusu shuhuda, nimeamua sitatoka nje. Nikipewa nafasi nitasema niliomba, nikakosa, bado naumia, na bado naomba. Mama, huo nao ni ushuhuda?

Mama_wa_Maombi

Ni ushuhuda, mwanangu. Usimame useme. Kuna mwenzako kwenye kiti cha nyuma anaungojea.