Msimamizi wa nyumba anatukata "kodi za serikali" kila awamu, ni sawa au tunapigwa?

Wakuu habari za jumapili, mimi nipo Mwanza kikazi, nyumba aliyotuachia mzee ipo Tabata, ina wapangaji watatu na fremu moja ya biashara mbele wamepanga kampuni. Tulimpa jamaa asimamie, anachukua asilimia 10 ya makusanyo, hapo sina neno. Shida mchanganuo anaotuma watsap: kodi ya jengo 18,000, TRA (mamlaka ya mapato) asilimia 10 ya kodi ya fremu, halafu chini kabisa "mengineyo serikalini" 60,000, na hii ni kila miezi sita. Nikiomba risiti ananiambia mdogo wangu siku hizi kila kitu mtandao, hakuna karatasi.

Kibarazani: Kodi ya jengo umepigwa mchana kweupe. Inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, nyumba ya kawaida sasa hivi 1,500 kwa mwezi, zidisha mara 12 ndo hiyo 18,000 yake, tena ya mwaka mzima! Wanaokatwa ni wapangaji wakinunua umeme, wa kurudishiwa ni wao sio yeye.

Mama Fremu: Na mita ziko ngapi? Angalia isije kila mita inakatwa, jengo ni moja, peleka namba za mita kwa wahusika ibaki moja. Hayo mengineyo labda kodi ya ardhi kama kiwanja kina hati, ila hiyo mara moja kwa mwaka bana.

Dalali Mstaafu: Mmesahau fremu. Kampuni ikipanga inazuia asilimia 10 yenyewe inapeleka TRA, mwenye nyumba anapewa cheti cha kodi ya zuio. Hela inamfikia jamaa ishakatwa, akikata tena hiyo ni ya mboga kwake. Usimuulize yeye, mtafute mhasibu wa hiyo kampuni.

Kibarazani: Na kuanzia leo hela ya serikali asiishike, atume kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) ulipe mwenyewe kwa simu.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Mhasibu kanitumia vyeti viwili, kweli asilimia 10 walishakata. Ila jina na TIN (namba ya mlipakodi) kwenye vyeti ni za msimamizi, sio zetu.

Dalali Mstaafu: Duh. Mkataba wa fremu alisaini nani?

Mleta uzi: Yeye.