Siku nne za skii Alps na mke wangu tukitoka Nairobi: tupangeje?

Msafiri_Ngara

Habari zenu wadau. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Alps Januari, siku nne za mlimani, labda na siku mbili za mjini kabla ya kurudi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa skii, vile vibao virefu vya kutelezea theluji, na yeye hapendi sana kuning'inia juu juu. Tunapima kati ya Chamonix ya Ufaransa, na Zermatt na Engelberg za Uswisi. Naomba mnisaidie kwa haya: kipi kinafaa wanaoanza? Viza tuombe ubalozi upi, hasa tukitua Geneva halafu tukalale Ufaransa? Nguo tununue hapa Nairobi ama tukodishe huko? Na bima ile ya viza, inatosha?

Kilele_Baridi

Ndugu Msafiri, kabla ya kuchagua mlima chagua siku. Vituo vingi huanzisha darasa la pamoja la watu wazima Jumapili au Jumatatu, na linaendelea hadi Ijumaa. Mkifika Jumatano mtakuta wenzenu wameshajua kusimama na kukata kona, na shule itawaambia mchukue mwalimu binafsi. Kwenu wawili hilo si balaa, maana mwalimu binafsi hutozwa kwa saa na mtu wa pili huongeza kidogo tu. Masaa mawili asubuhi ya kwanza na mawili asubuhi ya pili yanatosha kuwaweka kwenye njia ya bluu, yaani mteremko rahisi, mradi mchana mfanye mazoezi. Baneni kwenye chakula, baneni hata kwenye hoteli, lakini mwalimu msimkwepe. Na usijaribu kumfundisha shemeji mwenyewe kwa video za simu. Hapo ndipo likizo huharibika.

Jambo la pili la siku: nyumba nyingi za kupanga upande wa Ufaransa hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na barabara za milimani siku hiyo hujaa magari. Chukueni hoteli, ingieni Jumapili, tokeni Alhamisi. Januari ni chaguo zuri mkiruka wiki ya Mwaka Mpya. Kuanzia tarehe 7 au 8 hivi bei hushuka, kisha hupanda tena Februari shule za Ulaya zinapofunga. Kasoro yake ni baridi kali na siku fupi. Lifti nyingi za kuwapandisha watu mlimani husimama saa kumi alasiri au karibu na hapo, kwa hiyo anayeamka saa nne ameshakula nusu ya siku.

Sasa milima. Chamonix ina jina tangu Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, lakini ni bonde refu: sehemu za wanaoanza zimetawanyika, unahama kwa basi umebeba skii begani, na miteremko iliyoupa mji sifa si yenu bado. Zermatt ni maridadi, hauna magari ya petroli, na mlima Matterhorn wenye mita 4,478 unauona ukiwa kitandani ukilipia chumba cha upande huo. Ila ni ghali, na kutoka uwanja wa ndege wa Zurich ni zaidi ya saa tatu za treni. Kwa siku nne ningechukua Engelberg. Unapanda treni pale pale uwanjani hadi Luzern, kama saa moja, unabadilisha, na dakika 43 baadaye uko kijijini. Wanaoanza hufunzwa Gerschnialp na Trübsee, juu ya kijiji, ambako kuna mikanda inayokupandisha ukiwa umesimama juu ya theluji, hakuna kuning'inia. Kufika huko ni kwa kibanda cha kebo kilichofungwa pande zote, na shemeji akae akitazama upande wa mlima, si wa bonde. Miteremko ya kileleni Titlis, mlima wenyewe wa Engelberg, waachieni wenye uzoefu.

Kuhusu hewa nyembamba msihangaike. Engelberg iko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Nairobi tuko karibu 1,700. Mtashuka, si kupanda. Mtahema tu mkienda kutazama mandhari kituo cha juu cha Titlis, mita 3,020.

Karani_wa_Viza

Nijibu la viza. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni hii: unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, si unayotua. Mkitua Geneva mkalala Chamonix siku zote, ni Ufaransa. Engelberg au Zermatt ni Uswisi. Usiku ukigawanyika sawa baina ya nchi mbili, ndipo mnaomba kwa ile mtakayoingia kwanza.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua hadi siku 15 lakini unaweza kufika 45. Kinachowakwamisha watu Nairobi ni miadi. Nafasi za Novemba na Desemba huisha haraka kwa sababu ya Krismasi, kwa hiyo safari ya Januari peleka faili mwezi wa kumi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Mliowahi kutoa alama za vidole kwa viza kama hii ndani ya miezi 59 iliyopita, kwa kawaida hamchukuliwi tena alama, lakini tajeni hilo kwenye fomu.

Wanandoa hukosea hapa: wanapeleka faili moja. Kila mtu ana fomu yake na faili yake kamili. Kama mmoja ndiye anayelipa, cheti cha ndoa, barua ya kugharamia na taarifa yake ya benki viingie kwenye faili zote mbili. Taarifa ya M-Pesa iwe nyongeza ya ile ya benki, isiwe badala yake. Pesa nyingi zilizoingia wiki mbili kabla bila maelezo huleta maswali, basi kama ni mkopo wa Sacco au zamu yako ya chama, ambatisha karatasi inayoonyesha hivyo. Mwajiriwa aweke barua ya ruhusa ya likizo yenye tarehe, mwenye biashara aweke cheti cha usajili na karatasi za kodi za KRA.

Kisha laza karatasi zote mezani ulinganishe tarehe. Tiketi, hoteli na bima zikipishana hata siku moja, mnajitafutia kukataliwa bure. Hoteli iwe ile ya kughairi bila malipo.

Jambo jipya: tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili wageni kielektroniki kwa mfumo wa EES, na foleni zimekuwa ndefu. Mkiunganisha ndege Amsterdam, Paris au Frankfurt, ukaguzi mtaufanyia hapo. Muda wa dakika 60 wa kubadili ndege ni kamari. Tafuteni pengo la saa mbili na nusu.

Wakala_Mstaafu

Bima. Ubalozi unataka angalau euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani, kwa nchi zote za Schengen. Hiyo ndiyo bima ya bei nafuu wanayouza watu mjini, na nyingi zake zina mstari mmoja kwenye orodha ya yasiyolipwa: michezo ya majira ya baridi. Unavunjika mguu ukiwa na viza halali na bima isiyolipa hata shilingi. Omba nyongeza ya michezo ya baridi kwa maandishi, na soma kama inagusa mambo manne: skii kwenye njia rasmi, uokoaji wa mlimani pamoja na helikopta, madai ya mtu utakayemgonga, na vifaa vya kukodisha vikivunjika au kuibwa. Uokoaji mlimani hutozwa, na helikopta si matatu. Angalia pia kipengele cha pombe. Glasi mbili za mvinyo wa moto wakati wa chakula cha mchana zinaweza kuifuta bima yote.

Mkiamua Zermatt, jueni kwamba kuna njia zinazovuka mpaka hadi Cervinia, na ukishavuka uko Italia. Huko bima ya madai ya wengine ni lazima kisheria tangu 2022, na tangu Novemba 2025 helmeti ni lazima kwa kila umri. Nambari za dharura: 112 nchi zote, na Uswisi helikopta za Rega ni 1414.

Mama_Mitumba

Nguo nunueni hapa, msikodishe. Jaketi na suruali za skii hufika masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi karibu kila wakati, na wauzaji wengi hawana wateja wake, hivyo bei inaongeleka. Lakini kagua vizuri. Pindua jaketi ndani nje, tazama utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa umebabuka au unatoka kama ngozi iliyoungua, maji yataingia mshononi hata kama kitambaa chenyewe ni kizima. Tafuta kiunoni ule mkanda wa ndani wenye lastiki na vifungo. Huo ndio unaozuia theluji kupanda mgongoni ukianguka, na mtaanguka. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa. Mwishowe mwaga maji kidogo begani: yakibaki matone, sawa, yakinywewa mara moja, rudisha.

Suruali iwe na kizuizi cha ndani kwenye pindo, cha kuvalia juu ya buti. Ndani, kila mtu apate seti mbili za nguo za kubana za sufu ya merino au nailoni, na sweta moja zito la polista. Pamba hapana kabisa: inanyonya jasho halikauki, na ukikaa dakika kumi kwenye lifti unatetemeka. Jinzi hata msifikirie.

Vya kununua vipya ni soksi na glavu. Soksi ndefu za skii, nyembamba, jozi mbili kila mmoja. Helmeti za mitumba acheni, maana povu la ndani likishagongwa mara moja halilindi tena na huwezi kuliona. Buti za mitumba pia acheni: plastiki iliyozeeka hupasuka ghafla kwenye baridi. Miwani ya theluji inayofaa jua la huko iwe daraja la S2 au S3, yaani kiwango cha kuzuia mwanga. Na mafuta ya kuzuia jua SPF 50, tafadhali. Weusi wetu hauzuii kuungua pale ambapo theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya miale usoni, hata chini ya kidevu.

Msafiri_Ngara

Asanteni sana, tumeamua Engelberg, Jumapili hadi Alhamisi. Swali la mwisho: dukani tukikodisha, tutajuaje kama buti na skii zinatufaa? Mke wangu ana miguu mipana.

Kilele_Baridi

Pimeni miguu nyumbani: kisigino ukutani, pima hadi ncha ya kidole kirefu kwa sentimita. Buti za skii hutumia namba hiyo hiyo, kwa hiyo mguu wa sentimita 25.5 ni buti 25.5. Vaa soksi moja tu. Soksi mbili hujikunja, hubana damu, na miguu hupoa zaidi. Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti kuelekea mbele viachane kidogo, na kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Watu hukataa buti hiyo wakidhani ni ndogo, wakachukua kubwa, kisha skii inakwenda kwake na mguu kwake. Kwa shemeji aombe buti pana, zipo, asiongeze namba ya urefu.

Skii za anayeanza zifike kidevuni, zisizidi pua. Kisha mtaulizwa uzito, urefu, umri na uzoefu. Semeni kweli, hasa uzito. Ndivyo fundi anavyokaza baindingi, vile vifungo vinavyoshika buti kwenye skii. Vikikazwa kupita kiasi haviachii ukianguka, na goti ndilo linalolipa. Vikilegea, skii inachomoka katikati ya kona. Chukueni vifaa Jumapili jioni, maana Jumatatu asubuhi dukani kuna foleni.

Siku ya kwanza msinunue pasi ya mlima mzima (tiketi ya lifti zote), nunueni ya eneo la wanaoanza. Mtafundishwa kabari: ncha za mbele zikaribiane, mikia iachane, na mwendo unapungua. Hofu humfanya mtu aegemee nyuma, uzito unaondoka kwenye ncha, na skii hazitii tena. Miundi, ile mifupa ya mbele chini ya goti, iguse ulimi wa buti muda wote. Mkikutana na lifti ya kuvuta yenye umbo la T, msiikalie, acheni isukume makalio. Na kama mnapishana sana urefu pandeni mmoja mmoja, kwa sababu kinachomfika mmoja kiunoni kitamfika mwenzake magotini na mtaanguka wote.

Jioni legezeni vifungo vya buti, toeni soli za ndani, na mziache chumba cha kukaushia cha hoteli. Zikilala kwenye baridi, asubuhi plastiki imekakamaa na mguu hauingii.